Kwenda India kwa upasuaji wa endometriosisi: anza kupanga na siku ya kurudi

Wagonjwa wengi huanza na tiketi. Jina la hospitali limetoka kwa rafiki, nauli imeulizwa, michango imeanza kukusanywa, halafu picha za MRI zinakumbukwa wiki moja kabla ya kuondoka. Mpangilio huo umekaa kichwa chini. Siku utakayoweza kupanda ndege ya kurudi inategemea kilichokatwa tumboni. Kitakachokatwa kinategemea ugonjwa umefika wapi, na hilo hujulikana kwa picha iliyopigwa vizuri hukuhuku nyumbani. Picha ndiyo inayopanga madaktari, bei, muda wa viza na hata aina ya choo cha nyumba utakayofikia. Tiketi inakuja mwisho.

Maelezo haya yanamlenga mgonjwa wa endometriosisi (ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake) wa Kenya au Tanzania anayejilipia na kwenda India. Anayetoka Uganda au Rwanda atabadilisha machache.

Je, ni lazima uvuke mpaka?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wana endometriosisi, yaani watu wapatao milioni 190. Wengi wao hawahitaji upasuaji, na wanaouhitaji wengi hawahitaji India. Uvimbe mmoja wa chokoleti (uliojaa damu ya zamani) kwenye ovari, au madoa ya juujuu kwenye utando wa nyonga, ni kazi ya daktari wa wanawake mzoefu wa upasuaji wa matundu (unaofanywa kwa kamera kupitia matundu madogo), na madaktari hao wapo Nairobi na Dar es Salaam.

Safari inaanza kuwa na maana pale ugonjwa ulipozama: umeshika puru au utumbo mpana, kibofu, ureta (mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo), neva za nyonga au kiwambo cha kifua. Vilevile kama umeshapasuliwa mara mbili na maumivu yamerudi yaleyale. Hapo hutafuti tena daktari mmoja hodari. Unatafuta chumba kimoja chenye daktari wa wanawake, daktari wa upasuaji wa utumbo na daktari wa njia ya mkojo, waliozoea kufanya kazi hiyo pamoja.

Neno kuhusu kifua. Mtangazaji Njambi Koikai wa Kenya, aliyefariki Juni 2024, aliufanya umma ujue kwamba endometriosisi inaweza kukaa kifuani na kulifanya pafu linywee wakati wa hedhi. Matibabu yake yalimpeleka hadi Atlanta, Marekani. Kama kila hedhi inakuletea maumivu ya bega la kulia, kuchomwa kifuani au kukosa pumzi, piga picha ya kifua ukiwa katikati ya dalili, kabla ya mpango wowote wa ndege. Hewa iliyovuja pembeni mwa pafu hupanuka ndege ikiwa juu. Mwenye hali hiyo hasafiri hadi picha ionyeshe pafu limekaa sawa na angalau wiki moja ipite, kwa ruhusa ya daktari ya maandishi.

Wiki 12 kabla: chora ramani ya ugonjwa

Fomu ya MRI ikiandikwa "maumivu ya tumbo", utapigwa picha ya maumivu ya tumbo. Mwombe daktari aandike wazi: MRI ya nyonga kutafuta endometriosisi iliyozama, itazamwe puru, kibofu, ureta na kano za nyuma ya mji wa mimba. Kabla ya kulipa, ulizia mambo matatu kwenye kituo chenyewe. La kwanza, kama wanachoma sindano ya kutuliza utumbo, mara nyingi hyosini, kwa sababu utumbo unaochezacheza unaifanya picha iwe na ukungu palepale panapotafutwa. La pili, kama kibofu kinatakiwa kiwe na mkojo kiasi. Kikiwa kitupu au kimejaa sana ugonjwa wa ukuta wake hujificha. La tatu, kama watapiga picha za aina ya T1 zilizozimwa mafuta, maana hapo ndipo damu ya zamani ya uvimbe wa chokoleti hung'aa. Kituo kisichoelewa maswali haya kitakupa ripoti ya "nyonga ni ya kawaida" ilhali puru imegandana na mji wa mimba.

Dai mafaili asilia ya picha, yanayoitwa DICOM, kwenye CD na kwenye flashi. Filamu iliyopigwa picha kwa simu na kutumwa WhatsApp haisomeki. Daktari wa India atakujibu kwa adabu, halafu atakurudishia kipimo upya kwa gharama yako.

Ongeza ultrasaundi ya figo. Ugonjwa unaobana ureta unaweza kuua figo polepole bila maumivu yoyote, na figo iliyovimba hubadilisha mpango mzima. Kipimo cha damu cha CA-125 hakikusaidii sana: hupanda kwa sababu nyingi na hakionyeshi ugonjwa uko wapi.

Kama ulishapasuliwa, tafuta maelezo ya upasuaji yenyewe. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini haitoshi. Tafuta pia majibu ya kinyama (kipande kilichokatwa na kupimwa maabara) na video kama ilirekodiwa. Hospitali nyingi hutoa nakala kwa barua ya maombi na kitambulisho, na huchukua muda wao, kwa hiyo omba sasa.

Vipimo vya damu vya kufanya mapema ni wingi wa damu, kundi la damu, selimundu na, kwa anayetaka watoto, AMH. Hiki cha mwisho hukadiria akiba ya mayai. Kuondoa uvimbe wa chokoleti hupunguza akiba hiyo, hasa ukiwa pande zote mbili, na ni vyema kujua ulikuwa na kiasi gani kabla ya kisu. Wingi wa damu (himoglobini) ukiwa chini ya 10 g/dL, anza kutibu leo, kwa sababu damu haijazwi kwa wiki mbili za juisi ya rozela.

Wiki 10: kuchagua madaktari

Dalali wa matibabu atakupigia mapema kuliko daktari. Madalali si watu wabaya, wengine hupokea wagonjwa vizuri uwanjani, ila wengi hulipwa kamisheni na hospitali, na kamisheni hiyo haiongezeki kwa sababu daktari ana uzoefu wa endometriosisi. Andika mwenyewe kwa kitengo cha wagonjwa wa kimataifa cha hospitali mbili au tatu, tuma mafaili yaleyale kwa zote, na omba kuongea kwa video na daktari atakayeshika kisu. Usajili wake uangalie kwenye rejista ya Tume ya Taifa ya Utabibu ya India.

Muulize hivi, na andika majibu:

- Unakata na kuondoa ugonjwa, au unauchoma juu? Ugonjwa uliozama hautibiki kwa kuchomwa juu.
- Mwaka uliopita umefanya wagonjwa wangapi wa utumbo, na wangapi walivuja pale utumbo ulipounganishwa au kuwekewa mfuko wa kutolea haja tumboni?
- Daktari wa utumbo atakuwa ndani ya chumba, au ataitwa tukikwama?
- Kwa picha zangu, unatarajia kukwangua ukuta wa utumbo, kukata kiduara, au kutoa kipande kizima na kuunganisha?
- Ukikuta zaidi ya ulivyotarajia, utafanya nini nikiwa nimelala?

Swali la nne ndilo linalopanga kalenda yako. Daktari anayesema "tutaona tukifika" bila kutaja hata moja, huyo hajafungua CD. Na anayekuahidi kwamba ugonjwa hautarudi kamwe, mwache.

Wiki 8: bei, na mahali inapovuja

Omba profoma (makadirio ya bei ya hospitali) iliyoandikwa kwa vipengele: chumba cha upasuaji, ada ya kila daktari, nusu kaputi, siku za wodi, siku za chumba cha uangalizi maalumu, kipimo cha kinyama, dawa na vifaa. Mahali pesa inapovuja zaidi ni stepla za kukatia na kuunganishia utumbo. Ni vifaa vya kutumika mara moja, bei yake ni kubwa, na hospitali nyingi huziacha nje ya kifurushi kwa maneno "vifaa vitalipwa kulingana na matumizi". Uliza bei ya moja na zitatumika ngapi. Uliza pia bei ya siku moja ya ziada wodini, na nini kitatokea kwenye bili ukirudishwa chumba cha upasuaji.

Juu ya jumla hiyo ongeza nauli za watu wawili, malazi ya muda wote, chakula, usafiri wa mjini, laini ya simu, kisha akiba ya asilimia 30 isiyoguswa. Kama unachangiwa, kamati iundwe baada ya profoma kufika. Michango ikianza na tarakimu ya kukisia halafu bei ikapanda, kuwarudia watu mara ya pili ni kazi nzito, na maswali kuhusu mwili wako yatakuwa yameenea makundi yote ya WhatsApp. Inatosha kuandika "upasuaji wa tumbo".

Usibebe kibunda cha noti. Sheria ya kodi ya India inakataza mtu kupokea rupia 200,000 au zaidi kwa taslimu kutoka kwa mlipaji mmoja kwa siku, hivyo dirisha la malipo linaweza kukataa fedha zako ukiwa umesimama hapo. Hamisha benki kwa benki, jina la mgonjwa na namba ya faili vikiwa kwenye maelezo ya muamala. Ukiingia India na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, au zaidi ya dola 10,000 ukijumlisha na aina nyingine za fedha, unatakiwa kuzitangaza forodhani. Kabla ya kutuma amana, pata kwa maandishi namna na muda wa kurudishiwa baki.

Wiki 6: viza, majina na chanjo

Viza ya matibabu ya kielektroniki inaombwa kwenye tovuti moja tu ya serikali, indianvisaonline.gov.in. Tovuti nyingine zinazofanana nayo ni za mawakala wanaotoza juu yake. Kwa kawaida viza hii hutoa siku 60 tangu kuingia mara ya kwanza, inaruhusu kuingia mara tatu, na wasindikizaji wasiozidi wawili huomba viza yao inayofungamana na ya mgonjwa. Iombe si chini ya siku 4 kabla ya kufika. Siku 120 kabla ndiyo mapema kabisa. Kwa vitendo, wiki tatu ni muda mzuri.

Utahitaji barua ya hospitali yenye nembo, pasipoti yenye uhai wa angalau miezi 6 na kurasa mbili tupu, nakala ya pasipoti katika PDF ya kati ya KB 10 na 300, na picha ya mraba yenye mandhari meupe katika JPEG isiyozidi MB 1. Maombi mengi hukwama kwa sababu ya ukubwa wa faili tu.

Linalosumbua zaidi ni majina. Sisi tuna majina matatu, pasipoti inayagawa sehemu mbili, na hospitali huandika mawili inayoyapenda. Dai jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, kwenye barua, faili, profoma na risiti. Jina likitofautiana, kinyama kinaweza kuingia faili lisilo lako na benki inaweza kukataa kurudisha baki.

India inadai cheti cha homa ya manjano kwa wasafiri wa nchi ilizoziorodhesha, Kenya ikiwemo, na asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mtanzania anayeunganisha ndege Nairobi, Addis Ababa au Entebbe asidhani amenusurika. Cheti huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano, na sasa ni cha maisha. Mwenye kinga dhaifu au mjamzito amwone daktari kwanza, maana chanjo hii ina kirusi hai.

Mwili na mkoba

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, upasuaji mkubwa wa nyonga na ndege ya masafa ni mambo matatu yanayogandisha damu kwa pamoja. Muulize daktari, angalau wiki sita kabla, kama uviache wiki nne kabla ya upasuaji na ubadilishiwe nini; usiache kimyakimya ukabaki bila kinga ya hedhi. Dawa za miti shamba zitaje zote na uzisimamishe wiki mbili kabla, kwani baadhi huongeza kutoka damu.

Dawa zibaki kwenye boksi zake pamoja na barua ya daktari. Ukipitia Dubai, fahamu kwamba tramadoli na kodeini ni dawa zinazodhibitiwa huko na zinahitaji kibali cha mapema. Kwa hali hiyo chagua ndege ya moja kwa moja hadi Mumbai, takribani saa 6 kutoka Nairobi au Dar es Salaam, au ubadilishiwe dawa ya maumivu ya safari.

Nyumba ya kufikia iwe umbali wa nusu saa kutoka hospitali hata kwenye foleni, iwe na lifti, jiko la kupikia uji, na choo cha kukaa. Kuchuchumaa siku ya nne baada ya kupasuliwa ni adhabu.

Kalenda ukiwa India

Fika siku 4 au 5 kabla. Siku mbili ni za vipimo na kumwona daktari wa nusu kaputi. Zinazobaki ni za kuziba pengo la kipimo kilichorudiwa. Mwambie daktari wa nusu kaputi kuhusu selimundu, pumu na kila upasuaji uliopita.

Fomu ya ridhaa isome jana yake, siyo ukiwa kwenye kitanda cha magurudumu. Iandikwe kwa mkono juu yake nini unakubali na nini hukubali: ovari ya pili, mji wa mimba, mfuko wa haja wa muda. Andika pia kwamba video irekodiwe na kila kilichokatwa kipelekwe kupimwa kinyama.

Baada ya upasuaji, maumivu ya bega kwa siku mbili tatu ni ya gesi iliyotiwa tumboni, tembea yatapungua. Mpira wa mkojo ukitolewa, hakikisha umekojoa na wamepima mkojo uliobaki kibofuni. Neva zilizoguswa zinaweza kukilaza kibofu, na wagonjwa huruhusiwa huku wakidhani matone ndiyo kukojoa.

Sasa hesabu ya siku za kukaa karibu na hospitali:

- Uvimbe wa ovari na madoa ya juujuu: wodini usiku 1 hadi 3, mjini siku 10 hadi 14.
- Utumbo uliokatwa kiduara au kipande: wodini usiku 5 hadi 7 mambo yakienda sawa, mjini wiki 3 au zaidi.
- Ureta iliyounganishwa upya: stenti (mpira mwembamba unaowekwa ndani ya ureta ili mkojo upite) hukaa kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Aidha unabaki hadi itolewe, au unaondoka ukiwa na miadi ya kuitolea nyumbani.

Sababu ya siku hizo ni hii. Kiungo cha utumbo kikivuja, mara nyingi huvuja kati ya siku ya 5 na ya 10. Ureta iliyoungua kwa joto la kifaa huweza kutoboka wiki ya pili, wakati umeshaanza kujisikia mzima. Anayepanda ndege siku ya 6 kwa sababu tiketi ilikatwa hivyo, anayabeba yote mawili hadi angani. Ndiyo maana tiketi iwe ya kubadilishika hata ikiwa ghali kidogo.

Rudi hospitali saa hiyohiyo ukiona homa ya 38 au zaidi, mapigo ya moyo yanayobaki juu ya 100 ukiwa umetulia, tumbo linalouma zaidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, kushindwa kutoa gesi, gesi au haja kutokea ukeni, mkojo kutiririka ukeni, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kukatika. Kwa homa, waambie unatoka eneo lenye malaria na uombe upimwe, huku wakiendelea kutafuta chanzo tumboni. Daktari wa Delhi hataiwazia malaria ya kwetu kama atakavyoiwazia wa Kisumu au Mwanza, na kipimo kimoja kikitangulia kingine kisisahaulike.

Viza ikielekea kuisha, barua ya hospitali na maombi ya kuongezewa muda yapelekwe ofisi ya usajili wa wageni, FRRO, kabla ya tarehe kupita.

Ndege ya kurudi

Mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza unataja siku 1 hadi 2 baada ya upasuaji wa matundu, 4 hadi 5 baada ya upasuaji mwepesi wa tumbo, na 10 baada ya mkubwa. Hizo ni za chini kabisa, na zinahusu mwili usio na tatizo. Barua ya daktari inayosema unafaa kusafiri iwe na tarehe ya karibuni, na shirika la ndege lijulishwe mapema. Baadhi hudai fomu yao ya kitabibu ijazwe. Kiti cha magurudumu kiombe saa 48 kabla. Kaa kiti cha ujiani, soksi za kubana miguuni, tembea kila saa, kunywa maji. Mkanda upite chini ya tumbo na mto mdogo katikati. Kama umeandikiwa sindano za kuzuia damu kuganda, zibebe mkononi na barua yake. Mizigo inabebwa na msindikizaji. Wewe usizidishe kilo 5 hadi daktari akuruhusu, mara nyingi wiki 4 hadi 6.

Kupokewa nyumbani

Hapa ndipo mipango mingi mizuri hukatikia. Daktari wa nyumbani asiyejulishwa mapema husita kugusa kazi ya mwenzake, na mgonjwa mwenye homa siku ya 20 huzungushwa kliniki tatu. Kabla hujaondoka, mpate daktari wa wanawake atakayekubali kukupokea, mpe mpango wa upasuaji, na uweke miadi ndani ya siku 7 za kurudi. Kama kuna stenti, mtafute na daktari wa njia ya mkojo.

Usitoke India bila maelezo kamili ya upasuaji, muhtasari wa wodi, video kwenye flashi, na orodha ya dawa kwa majina ya kitabibu, kwa kuwa majina ya kibiashara ya India hayatambuliki kwenye famasia zetu. Majibu ya kinyama huchelewa, kwa hiyo acha barua pepe mbili, yako na ya daktari wako, na uulize nani hasa atakayeyatuma.

Asiyetafuta mimba kwa sasa atajadili homoni za kuchelewesha ugonjwa kurudi, kama dienojesti miligramu 2 kila siku au kitanzi chenye levonojestreli. Anayetafuta mimba aulize aanze lini na asubiri miezi mingapi kabla ya kumwona mtaalamu wa uzazi. Na tarehe ya kutoa stenti iandikwe kwenye simu yako, ya msindikizaji na kwenye kalenda ya ukutani. Ikisahaulika miezi kadhaa huota mawe, na kuitoa kunakuwa upasuaji mwingine.